Mbwa mzee mwenye shida ya kutembea: maswali na majibu

Nimempenda mbwa mzee anayechechemea. Nitazame nini kabla ya kumchukua?

Mwache alale, kisha mwite na umtazame anavyoinuka. Mwenye maumivu ya nyonga hutanguliza miguu ya mbele na kujivuta, huku ile ya nyuma ikitetemeka kabla haijanyooka. Kisha shika mguu wa nyuma uangalie kucha. Zikiwa zimelika upande wa juu, anaburuta nyayo, na huenda shida iko kwenye mishipa ya fahamu, si kwenye viungo. Waulize wanaomtunza anatumia dawa gani, tangu lini, na kama anaweza kujizuia haja. Majibu yoyote utakayopata, mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya wiki ya kwanza.

Kila mtu ananiambia ni uzee tu. Ni kweli?

Hapana, na kauli hiyo imewaacha mbwa wengi wakiteseka kimya kimya. Uzee si ugonjwa. Mara nyingi kinachomkaza ni baridi yabisi: gegedu laini linalofunika ncha za mifupa hulika, kiungo kikavimba na kuuma. Mbwa halii kwa maumivu ya kila siku. Huacha kupanda ngazi, hulamba kiungo kilekile, huchelewa kuinuka asubuhi, au hunguruma akiguswa mgongoni ilhali zamani alikuwa mpole. Maumivu hayo yana tiba, hata kama gegedu halirudi.

Naweza kumpa dawa zangu za maumivu?

Usimpe kamwe. Ibuprofen na diclofenac huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, na paracetamol huweza kumuumiza ini. Zipo dawa za mbwa, kama carprofen na meloxicam, lakini nazo hutolewa kwa uzito wake, na daktari hupima damu kwanza kuona hali ya ini na figo. Akitapika au akitoa choo cheusi baada ya kumeza, sitisha dawa na upige simu kwa daktari siku hiyohiyo.

Nyumbani nianzie wapi?

Sakafuni. Vigae vinavyoteleza humtia hofu, na mbwa mwenye hofu hukaza misuli, akaumia zaidi. Tandika mazulia yasiyoteleza kutoka anapolala hadi kwenye maji, chakula na mlango. Kata kucha, punguza na manyoya yanayoota kati ya nyayo. Godoro lake liwe nene kiasi kwamba ukilikandamiza kwa ngumi hufiki chini.

Uzito nao ni nusu ya tiba. Pitisha viganja ubavuni: mbavu zihisike bila kukandamiza. Usipozipata, punguza chakula kwa ushauri wa daktari. Hata kilo chache zikipungua, utaona anavyoinuka kwa wepesi.

Atembee au apumzike?

Atembee, ila kidogo kidogo. Dakika 10 mara tatu kwa siku zinamfaa kuliko matembezi marefu ya mara moja kwa wiki, kwa kuwa misuli isiyotumika hunyauka na kiungo kikakosa mhimili. Akichechemea zaidi kesho yake, mlizidisha. Kwenye ngazi, pitisha taulo chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, umwinue kidogo huku yeye akitembea.

Na asipoweza kusimama kabisa?

Ikitokea ghafla, ni dharura. Huenda diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake, na kila saa ina maana. Ikiwa hali imekuja polepole, mgeuze upande kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, hasa viwikoni na nyongani. Mkojo ukimlowesha, mwoshe na umkaushe mara moja, maana huunguza ngozi. Wengine hufaidika na kigari cha magurudumu kinachobeba sehemu ya nyuma.

Nitajuaje kwamba amechoka kuishi?

Tundika kalenda ukutani. Kila jioni jiulize: amekula kwa hamu? Ametikisa mkia nilipoingia? Amelala bila kuhangaika? Weka alama ya siku nzuri au mbaya. Mbaya zikianza kuzidi nzuri, mpelekee daktari kalenda hiyo, mzungumze bila kufichana.