Je, wajua? Kwa nini Monet alijijengea Japani kwake Ufaransa na Japani yenyewe hakuwahi kufika

Mtu akitajiwa Claude Monet, yule mchoraji wa Ufaransa, anawaza yale mayungiyungi yanayoelea kwenye maji na kale kadaraja ka Kijapani, halafu anajua tu jamaa lazima aliishi Japani. Wapi! Hajawahi kukanyaga huko hata siku moja. Japani yake yote aliipata kwenye karatasi.

Ilikuwa hivi, Japani ilijifungia zaidi ya miaka 200, wageni karibu wote marufuku, mpaka meli za kivita za Marekani zilipoenda kuibishia hodi mwaka 1853. Biashara ilipofunguka, Paris ikajaa pepeo, vyombo vya kaure, kimono, na zile picha zilizochapishwa kwa vibao vya mbao, za wasanii wa Kijapani kina Hokusai na Hiroshige. Kule Japani zilikuwa picha za bei rahisi za mtu wa kawaida, wachoraji wa Ufaransa wakazigombania. Monet alikusanya zaidi ya 200, na nyumbani kwake Giverny, kijiji cha Ufaransa, kuta zilijaa hizo hizo.

Sasa kimono. Mwaka 1876 alimchora mkewe Camille amevaa kimono jekundu zito lililotariziwa askari wa samurai anachomoa upanga, mkononi ana upepeo, na ukutani nyuma yake pepeo zingine kibao. Picha yenyewe ina kimo cha zaidi ya mita mbili, ipo Boston. Kichekesho ni kwamba Camille alikuwa na nywele nyeusi, mumewe akamvalisha wigi la blondi, yani ionekane wazi kabisa kwamba huyu ni Mzungu kajivalia tu nguo ya watu. Ni kama mtalii anayejifunga shuka la Kimasai apigwe picha. Picha iliuzwa vizuri, lakini Monet mwenyewe uzeeni aliiponda, aliiona takataka. Mi naona alijihukumu kupita kiasi, ila kwamba Japani ya pale imeishia kwenye nguo, hilo sibishi.

Kwenye bustani ndo mambo yalibadilika. Alihamia Giverny 1883, na 1893 akanunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli ili achimbe bwawa, maji ayavute kutoka kijito cha jirani. Wanakijiji wakaja juu, wakasema hiyo mimea yake ya kigeni itatia sumu maji na mifugo itakufa, ikabidi ahangaike na barua kwa wakubwa mpaka akapewa kibali. Akapanda mianzi na mayungiyungi, akajenga daraja la upinde kama la kwenye zile picha za ukutani kwake, ila kule Japani madaraja ya namna hiyo mengi ni mekundu, yeye akapaka kijani.

Na hapo ndo jibu la swali letu lilipo, kwa sababu kitu alichochukua Japani safari hii sio mapambo, ni namna ya kutazama. Wale wachapaji walikuwa wanakata picha popote, tawi linaingia pembeni bila mti wake, unaangalia kitu kutoka juu kama uko ghorofani. Tazama mayungiyungi yake ya baadaye, hakuna ukingo wa bwawa, hakuna upeo wa macho, mbingu unaiona ndani ya maji tu. Kwa jumla hayo mayungiyungi aliyachora kwenye picha kama 250, na kulikuwa na mtunza bustani kazi yake kuzunguka na mtumbwi kusafisha bwawa ili maua yakae vizuri!

Monet alifariki Desemba 1926. Baadaye bustani ikaachwa ikageuka pori, na lile daraja wanalopigia selfi watalii leo wala sio lake, la kwake lilioza, hili lilijengwa upya miaka ya 1970, bado kijani.