Je, wajua? Mwanzilishi wa huduma ya vifurushi kwa reli Marekani hakumiliki reli

Katika makaburi ya Mount Auburn, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, upo mnara wa mawe ambao mbele yake amelala mbwa mkubwa wa kuchongwa. Ni kaburi la William Frederick Harnden, anayetajwa katika maandishi ya mnara huo kuwa mwanzilishi wa biashara ya kusafirisha vifurushi kwa haraka nchini humo. Harnden alifariki mwaka 1845, akiwa na miaka thelathini na ushei, bila kuacha utajiri. Mnara ulijengwa mwaka 1866 kwa fedha za kampuni za vifurushi, nyingi zikiwa zinashindana zenyewe kwa zenyewe. Je, zilimwenzi kwa lipi?

Ni rahisi kudhani kwamba huduma hiyo ilianzishwa na kampuni za reli, kwa kuwa treni zilikuwa zao, au na posta, kwa kuwa kupeleka vitu ndiyo kazi yake. Dhana zote mbili si sahihi. Posta ya Marekani ilibeba barua na magazeti, na huduma yake ya vifurushi vya ndani ya nchi ilianza tarehe 1 Januari 1913. Reli nazo zilisafirisha abiria na shehena kubwa, ila mfuko mdogo wenye noti za benki haukuwa na mtu wa kuuchukua, kuubadilishia chombo na kuufikisha mlangoni kwa mwenyewe. Harnden, aliyekuwa mtumishi wa reli ya Boston na Worcester, hakuwa na behewa wala meli. Alipoanza safari zake kati ya Boston na New York mwezi Machi 1839, alipanda treni, kisha meli ya mvuke, akiwa na begi la mkononi.

Kilichokuwa kipya kilikuwa dhamana. Mtu anayemkabidhi kondakta wa basi bahasha aipeleke mkoani hutegemea hisani: kondakta akibadilishana zamu, au mpokeaji akichelewa kufika stendi, hakuna anayewajibika. Kabla ya Harnden, wafanyabiashara wa Boston walituma vitu vyao kwa namna hiyohiyo, wakimwomba abiria au mtumishi wa treni awachukulie. Yeye aliigeuza hisani hiyo kuwa mkataba: mzigo unapokelewa ofisini, unalipiwa, unasindikizwa na mtu mmoja kupitia treni na meli, na wakala wa upande wa pili anaukabidhi kwa mhusika. Mabenki yalihitaji sana huduma hiyo, kwani kila benki ilitoa noti zake, na aliyetaka kuzibadilisha kwa sarafu bila kukatwa thamani alilazimika kuzirudisha kwa benki iliyozitoa, hata kama ilikuwa mji wa mbali.

Dhamana hiyo ilikuwa na gharama yake. Tarehe 13 Januari 1840 meli ya Lexington iliungua katika mlangobahari wa Long Island, wakaokoka watu wanne tu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Adolphus Harnden, ndugu yake William, aliyekuwa akisindikiza fedha za wateja.

Neno "mwanzilishi" linahitaji tahadhari kidogo, kwa sababu wapo waliobeba vifurushi kwa malipo kabla yake katika njia fupi zaidi. Hata hivyo, naona kampuni zile zilikuwa na sababu nzuri ya kumchagua yeye, kwani wengi walijifunzia kazi kwake au kwa kumwiga. Alvin Adams alianza kushindana naye mwaka 1840, na Henry Wells, aliyekuwa wakala wake mjini Albany, baadaye alishiriki kuanzisha American Express mwaka 1850 na Wells Fargo mwaka 1852. Kwenye mnara yamechongwa pia maneno ya Daudi katika kitabu cha kwanza cha Samweli, kwamba shughuli ya mfalme ilihitaji haraka. Na mfalme katika biashara hii alikuwa yeyote aliyelipia kifurushi chake.