Si kupigwa umeme, ni kupimwa

Juzi tena, sokoni Virunga hapa Goma, nilimsikia mama akimwambia mwenzake: “Kesho watamupiga mutoto yangu umeme mu kichwa.” Sauti ilimtetemeka.

Mtoto ana kifafa cha mwanga. Yaani mwanga unaomwekamweka ndio unaomwangusha: televisheni, taa mbovu, hata jua linalopenya kwenye miti huku pikipiki ikikimbia. Mbaya zaidi ni mimweko 15 hadi 25 kwa sekunde. Huwapata hasa watoto na vijana, na katika watu 100 wenye kifafa ni kama 3 tu walio hivyo.

Linaloniuma ni hilo neno “kupiga”. Kipimo atakachofanyiwa mtoto kesho kinaitwa elektroensefalogramu, jina la Kigiriki ambalo ukilifungua halitishi. Elektron ni kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambayo ukiisugua huvuta vinyuzi. Hapo ndipo umeme ulipopata jina lake. Enkefalos ni kilichomo kichwani. Gramma ni maandishi. Basi ni maandishi ya umeme wa ubongo, na umeme huo ni wa mtoto mwenyewe, hautoki ukutani. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwenye kichwa cha mtu mwaka 1924. Ni mdogo mno: juu ya ngozi ya kichwa kwa kawaida haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya volti, na betri ya tochi ina volti 1.5. Nyaya zinazobandikwa kichwani zinapokea tu. Chombo cha daktari cha kusikilizia moyo hakiupigi moyo.

Kupitisha umeme kichwani kupo kweli, lakini ni tiba ya baadhi ya magonjwa ya akili, na mgonjwa hulazwa kwanza kwa dawa ya usingizi. Watu wamevichanganya.

Cha kuulizia ni taa. Wakati wa kipimo huwashwa taa inayomweka mbele ya mtoto, polepole kisha haraka, nayo inaweza kumwamshia dalili. Ndiyo maana anayepima haondoi macho kwenye mistari ya umeme huo inayochorwa na mashine; ikibadilika, anaizima taa.

Kwa hiyo, mama, ni herufi moja tu tunayobadilisha: hapigwi, anapimwa. Leo jioni muoshe nywele, usimpake mafuta, na dawa zake usizikatishe kama daktari hajasema.