Kantini ya Shule na Cheti cha Hiari: Shilingi Ishirini za Mtoto Zinunue Nini?

Mtoto wa shule ya kutwa anayetoka Muyeye au Kisumu Ndogo asubuhi na shilingi ishirini mfukoni, mara nyingi hizo ndizo chakula chake mpaka jioni. Atakula atakachokikuta kantini wakati wa mapumziko ya saa nne, ama kwa mama aliyepanga meza yake nje ya lango. Meza hiyo inagusa afya ya watoto wa Malindi kila siku ya masomo, kuliko mabango mengi tunayobandika sisi watu wa lishe. Ndiyo sababu naziomba shule zetu zifikirie ithibati ya hiari ya kantini.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Shule inaomba yenyewe kupimwa. Inapewa vigezo vya chakula vilivyoandikwa kwa lugha ambayo muuzaji anaielewa, inapewa muda wa kurekebisha, kisha anakuja mkaguzi asiyefanya kazi shuleni hapo kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kinachouzwa. Ikifaulu inapata cheti cha mwaka mmoja, isipofaulu inaelezwa upungufu wake na kukaribishwa tena. Hakuna faini wala anayefukuzwa. Lakini tusichanganye jambo hili na sheria. Usafi wa jiko, na cheti cha matibabu ambacho kila anayeshika chakula hukifanya upya baada ya miezi sita, ni wajibu kwa kila muuzaji, mwenye ithibati na asiye nayo. Sheria inamkinga mtoto asiharishe leo. Ithibati inaangalia anakula nini mwaka mzima.

Wako waliotangulia. Kantini za shule za Singapore zinafanana na zetu kwa jambo moja muhimu: chakula kinauzwa na wachuuzi wadogo, kila mmoja na kibanda chake. Mwaka 2003 bodi ya kukuza afya ya nchi hiyo ilianza kuzitambua shule zilizoboresha kantini zao, na mwaka 2011 ukaja mpango mpana zaidi, ambapo mlo kamili unatakiwa uwe na nafaka, protini, mboga na tunda. Uingereza nako kuna Soil Association, shirika la hisani linalotoa cheti cha ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, kwa majiko yanayoomba yenyewe. Hata ngazi ya chini, ile ya shaba, inadai angalau asilimia 75 ya mapishi yaandaliwe yakiwa mapya kutokana na vyakula ghafi. Kigezo hicho mama zetu wanaoukanda unga wa mahamri kabla ya alfajiri wangekivuka bila taabu, na nalisema hili kwa sababu tumezoea kuwaendea wauzaji hawa kana kwamba wao ndio tatizo.

Hata hivyo hatuwezi kuchukua vigezo vya Singapore tukavibandika Malindi. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 18. Udumavu huanza tumboni mwa mama na kujengeka zaidi kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, kwa hivyo kantini haiwezi kuufuta. Lakini watoto hao hao ndio wanaoingia darasani, na wasichana miongoni mwao ndio mama wa kesho. Wanahitaji nguvu, protini na madini ya chuma. Orodha ya marufuku iliyotungwa kwa ajili ya watoto wanaoshiba kupita kiasi inaweza kumnyang'anya mtoto wetu kitu pekee anachokula mchana. Cheti chetu kipime kwanza kilichoongezwa mezani, ndipo kiulize kilichoondolewa.

Tuanze na mahamri kwa mbaazi. Sioni sababu ya kuyakataza. Unga wa ngano wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa madini ya chuma na vitamini tangu mwaka 2012, na mbaazi ni protini ya bei nafuu iliyozoeleka kila nyumba. Yako mambo matatu ya kurekebisha. Mbaazi zipikwe zaidi kwa tui jepesi, tui zito liwe la kumalizia tu, kwani mafuta yake si mazuri kwa moyo yakizidi. Pembeni pawe na kitu chenye vitamini C, kipande cha embe, chungwa au hata ndimu iliyokamuliwa, maana chuma cha kwenye mbaazi na kunde hakifyonzwi vizuri mwilini kikiwa peke yake. Na chai isinywewe pamoja na mlo huo, ingoje kama saa moja, kwa sababu majani ya chai hukizuia chuma hicho. Muuzaji anayeuza hamri, mbaazi na kipande cha tunda kwa bei moja ameshampa mtoto mlo wa maana.

Bajia za kunde nazo zina nafasi yake, kwa sharti la mafuta. Mafuta yanayokaangiwa siku baada ya siku hadi yakawa meusi, yakatoa povu na moshi, yameharibika, na kuyaongezea mapya juu hakuyatengenezi. Yachujwe yakishapoa, yafunikwe mbali na mwanga, na yamwagwe yakibadilika rangi na harufu. Viazi karai viuzwe kwa zamu, siku nyingine mahali pake pawe na muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndivyo ningevitanguliza, kwani vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Krips za mifuko ni habari nyingine: karibu theluthi moja ya uzito wake ni mafuta, chumvi iko juu, na humwacha mtoto na njaa ile ile.

Chumvi inahitaji maneno yake hapa kwetu, ambapo mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yako jirani tu. Chumvi yenye madini ya joto (iodini) inahitajika, na sheria inataka chumvi ya chakula iwekwe madini hayo. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na mtoto ale chini ya hapo. Achari ya embe iliyopakwa chumvi, pilipili na rangi nyekundu huzidisha kwa mkupuo. Mabuyu yana kisa kama hicho. Unga wa ubuyu wenyewe una vitamini C kwa wingi, na mibuyu imejaa kaunti hii. Kinachouharibu ni sukari inayoganda juu yake pamoja na rangi. Tuutumie kwa juisi isiyotiwa sukari nyingi, au mabuyu yapikwe kwa sukari kidogo bila rangi. Wauzaji wataniambia watoto wanapenda wekundu ule. Ni kweli, lakini ladha ya mtoto hufundishika pole pole, wala haifundishwi kwa amri ya siku moja.

Kwenye vinywaji msimamo wangu ni mkali zaidi. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, yaani kama vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula cha siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja inaivuka hesabu hiyo ya mtu mzima. Kwa maoni yangu shule yenye soda kantini isipewe cheti cha ngazi yoyote. Sharti la kwanza kabisa liwe maji safi ya kunywa, bure, mahali ambapo mtoto anafika bila kuomba ruhusa. Shule isiyo na maji isianze na orodha ya vyakula, ianze na tangi.

Matunda ni aibu yetu ya kila mwaka. Embe huiva kwa wingi wakati wa muhula wa kwanza, ngowe na boribo zinaoza chini ya miti Magarini na vijiji vya pembezoni mwa Malindi, huku mtoto kilomita chache kutoka hapo akinunua peremende. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na wa miaka 10 kwenda juu gramu 400. Wauzaji wa kantini wakinunua pamoja moja kwa moja kwa mkulima, embe iliyokatwa vipande inaweza kushindana na peremende kwa bei.

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwenye mfuko wa muuzaji. Mama anayesomesha wanawe kwa bajia hataacha kuuza krips kwa sababu ya cheti kilichofungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu. Jina lake liandikwe kwenye cheti, kibandikwe mezani pake, asitozwe ada ya kukaguliwa, na ashirikishwe tangu siku ya kuandika vigezo. Mama wa nje ya lango aingizwe kwenye mpango huo huo, la sivyo watoto watavuka lango tu. Wala pesa za kuuendesha zisitoke kwa kampuni yoyote inayouza soda au vitafunio. Atakayelipa ukaguzi ataanza kuamuru vigezo.

Wapo wanaosema kwamba jambo la hiari litazivuta shule zilizo vizuri tayari, na zenye shida zitabaki nyuma. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hivyo cheti kiwe na ngazi, na ngazi ya kwanza iwe ndani ya uwezo wa shule ya kijijini Ganda au Kakuyuni: maji, mafuta safi, hakuna soda, tunda moja mezani. Ukaguzi ufanywe bila taarifa mara moja kila muhula, na shule iliyorudi nyuma ivuliwe cheti mwaka huo huo, hata kama ni shule yenye jina.

Halmashauri ya shule inayotaka kuanza haihitaji kungoja barua. Kwa wiki moja klabu ya afya ya wanafunzi iandike kila kinachouzwa ndani na nje ya lango, bei yake, na kinachomalizika kwanza. Daftari hilo walipeleke kwa afisa wa lishe wa kaunti ndogo, wakiwa wameandamana na wauzaji wenyewe. Mwezi wa Ramadhani, biashara ya mchana inapopungua, unafaa kwa mafunzo ya mapishi na mahesabu, ili meza mpya zipimwe muhula unaofuata.