Viini 16 vya Mezani au Viini 96 vya Seva: Hesabu Ninayoifanya Kabla ya Kuchagua Prosesa

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu mashine ya kazi nzito, swali hunijia likiwa limekwisha kuegemea upande mmoja. Anayeuliza ameona prosesa ya seva yenye viini 96 (vitengo vya ndani vinavyopiga hesabu kwa wakati mmoja), ameilinganisha na ya kompyuta ya mezani yenye viini 16, na anachotaka kwangu ni kuthibitishiwa tu kwamba ya kwanza ina nguvu mara sita ya ya pili. Huwa simthibitishii. Baada ya miaka mingi ya kuunda na kurekebisha mashine za kukompaili programu (kugeuza msimbo ulioandikwa kuwa programu inayoendeshwa), kurenda picha (kuzitengeneza kwa hesabu za kompyuta) na kuendesha hifadhidata, nimefikia msimamo ambao wauzaji hawaupendi sana: wengi wanaohitaji kweli prosesa ya seva huihitaji kwa sababu ya memori (RAM) na njia za PCIe (zinazounganisha kadi na diski na prosesa), ilhali wanaoitaka kwa sababu ya idadi ya viini peke yake mara nyingi wangehudumiwa vyema zaidi na prosesa ya mezani.

Ili mjadala usielee hewani, nitatumia prosesa mbili za AMD zilizotoka mwaka 2022, ambazo viini vyake vimejengwa kwa usanifu uleule wa Zen 4. Ryzen 9 7950X ni ya mezani: ina viini 16, kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 5.7, na kiwango chake rasmi cha umeme ni wati 170. EPYC 9654 ni ya seva: ina viini 96, kasi yake ya juu ni gigahezi 3.7, na kiwango chake ni wati 360. Ukigawa wati kwa viini utaona mara moja chanzo cha tofauti ya kasi, kwani kiini cha mezani kina zaidi ya wati 10 za kutumia, huku kile cha seva hakifikishi hata wati 4, na katika hizo hizo kuna sehemu inayoliwa na vidhibiti vya memori na vya PCIe. Kiini chenyewe ni kilekile. Kilichopungua ni chakula chake.

Hapa ndipo hesabu ya Gene Amdahl ya mwaka 1967 inapoingia. Amdahl alionesha kwamba kila kazi ina sehemu inayoweza kugawanywa kwa viini vingi na sehemu isiyogawanyika, ambayo lazima ifanywe hatua baada ya hatua na kiini kimoja, na kwamba hiyo ya pili ndiyo inayoamua kikomo cha kasi hata ukiongeza viini bila kikomo. Kazi ambayo asilimia 5 yake haigawanyiki haitapata kamwe kasi zaidi ya mara 20, uwe na viini 100 au 10,000. Wengi waliosoma kompyuta wanaijua kanuni hii, lakini wachache huikumbuka siku ya kununua mashine.

Tuchukue mfano wa kazi inayochukua dakika 60 kwa kiini kimoja cha prosesa ya mezani, na dakika 12 kwa viini vinane vya prosesa hiyo hiyo. Kasi imeongezeka mara tano, si mara nane, na ukiiweka katika kanuni ya Amdahl unapata kwamba takriban asilimia 8.6 ya kazi hiyo haigawanyiki. Kwa viini vyote 16 vya mezani, kazi itachukua kama dakika 8 na sekunde 34. Kwa viini 96 vya kasi hiyo hiyo ingechukua chini ya dakika 6. Lakini viini vya seva si vya kasi hiyo hiyo, na tukichukulia kwamba kila kimoja kinachelewa mara moja na nusu, muda unarudi palepale: dakika 8 na sekunde 34. Mashine mbili zenye tofauti kubwa mno ya bei na umeme zinafika pamoja. Sehemu isiyogawanyika ikizidi hapo kidogo tu, ya mezani inashinda. Ikishuka hadi asilimia 1, seva inaiacha mbali, zaidi ya mara mbili.

Kipimo hiki unaweza kukifanya leo kwa mashine uliyonayo. Kwenye Linux, amri ya taskset inakuruhusu kuifunga kazi kwenye kiini kimoja, kisha viwili, vinne na vinane, ukiandika muda wa kila mara. Jambo moja huwapotosha wengi: prosesa za kisasa hupandisha kasi pale kiini kimoja tu kinapofanya kazi, kwa hiyo funga kasi mahali pamoja kabla ya kuanza, la sivyo kiini kimoja kitaonekana shujaa kuliko kilivyo na hesabu nzima itapinda. Nami hupendelea kupima kwa kazi yenyewe ya mteja, kwa data yake halisi, kwa sababu programu za majaribio zinazotumiwa kulinganisha prosesa huchaguliwa mara nyingi kwa sababu zinagawanyika vizuri.

Kukompaili ni mfano mzuri wa kazi inayodanganya. Unapokompaili mradi mkubwa, maelfu ya mafaili yanaweza kushughulikiwa kwa pamoja, na kwa dakika chache za mwanzo utaona viini vyote vikichemka na utajipongeza. Kisha inakuja hatua ya kuunganisha mafaili hayo kuwa programu moja, ambapo sehemu kubwa ya kazi huangukia kiini kimoja au vichache, huku vingine 90 vikiangalia. Mwandishi wa programu anayebadilisha mstari mmoja, akakompaili faili moja, kisha akaunganisha upya, na kurudia hivyo mara 50 kwa siku, anaishi karibu muda wote katika sehemu isiyogawanyika. Huyu nampa prosesa ya mezani bila kusita.

Lakini ugeuze mfano huo kidogo: badala ya mtu mmoja, watu 40 wanatuma kazi zao kwenye mashine moja, kila mmoja na mradi wake. Sasa hakuna anayemsubiri mwenzake, na sheria ya Amdahl haina la kusema kwa kuwa hizi si sehemu za kazi moja bali ni kazi 40 zinazojitegemea. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa nyingi ndani ya mashine moja), kwa tovuti inayohudumia maombi mengi madogo, na kwa kurenda filamu ambapo kila fremu inaweza kutengenezwa bila kujali fremu ya jirani. Katika kazi za namna hii viini vingi vya polepole hushinda vichache vya kasi, na tena kwa umeme mdogo zaidi kwa kila kazi.

Sasa nije kwenye memori, ambako ndiko ninakoona makosa ya gharama kubwa. Ryzen 9 7950X ina chaneli mbili (njia za data kati ya prosesa na memori) za memori ya aina ya DDR5, na kwa kasi yake rasmi ya 5200 (mamilioni ya uhamisho wa data kwa sekunde) zinasafirisha gigabaiti 83.2 kwa sekunde. EPYC 9654 ina chaneli 12 za kasi ya 4800, jumla gigabaiti 460.8 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara tano na nusu. Ukigawa kwa idadi ya viini utashangaa kidogo: kiini cha mezani kinapata gigabaiti 5.2, cha seva 4.8. Hata hivyo, kwa kazi inayosubiri data zaidi kuliko inavyopiga hesabu, kama vile uigaji wa mtiririko wa hewa au kuendesha modeli kubwa ya lugha bila kadi ya michoro, jumla ndiyo yenye neno la mwisho. Katika kazi hizo, kuongeza viini huku chaneli zikibaki mbili ni kuongeza midomo mezani bila kuongeza chakula.

Mteja mmoja aliwahi kuniita akilalamika kwamba seva yake mpya inashindwa kuitangulia kompyuta ya zamani kwa kiasi alichoahidiwa. Nilipoifungua nikakuta vijiti vinne vikubwa vya RAM na nafasi nane zikiwa tupu, kwa sababu aliyemuuzia alifikiria ujazo peke yake. Chaneli nane kati ya 12 zilikuwa zimelala, na theluthi mbili ya kasi ya memori aliyoilipia haikuwepo. Tuliweka vijiti 12 vidogo vyenye ujazo uleule, na uigaji uliokuwa ukikesha ukaanza kumalizika kabla ya watu kuondoka kazini. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye seva ni idadi ya vijiti vilivyomo.

Upande wa mezani nao una mtego wake, ambao ni kinyume cha huo. Ubao mama unaweza kuwa na nafasi nne za RAM, lakini nafasi mbili mbili hushirikiana chaneli moja, hivyo ukizijaza zote kasi rasmi ya 7950X hushuka kutoka 5200 hadi 3600. Ujazo umeongezeka, kasi imepungua, na mwenye mashine anabaki akijiuliza kilichotokea. Akihitaji mamia ya gigabaiti na kuendelea, namshauri aache kuibana kompyuta ya mezani, kwa kuwa soketi moja (nafasi ya prosesa moja) ya EPYC ya kizazi hicho inabeba hadi terabaiti 6.

Kuhusu memori ya ECC, inayogundua na kusahihisha makosa, nitasema kwa ufupi. DDR5 zote husahihisha makosa fulani ndani ya chipu yenyewe, jambo ambalo halilindi data inapokuwa njiani kati ya kijiti na prosesa, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni kitu kilekile. Ryzen inaweza kutumia ECC iwapo ubao mama unairuhusu, na vijiti vyake si vya aina inayotumiwa na seva. Kuvihamisha kutoka huku kwenda kule haiwezekani.

Njia za PCIe huhesabika kwa vidole. Ya mezani inakupa njia 24 za kutumia: kadi moja ya michoro inachukua 16, diski mbili za kasi za NVMe zinachukua nne nne, na hapo umemaliza. Vingine vyote hupitia chipu ya ubao mama na kugombania mlango mmoja. EPYC ina njia 128, ambazo zinatosha kadi nne za michoro kwa upana wao wote na bado zikabaki 64 za diski na mtandao. Anayetaka kadi nne hana haja ya kusoma aya zangu za viini. Uamuzi wake umekwisha kufanyika.

Kuna pia gharama ambazo hazimo katika karatasi ya bei. Windows Server hulipiwa kwa kila kiini, kuanzia angalau viini 16 kwa seva, na SQL Server nayo ina mpango wa leseni kwa kiini, kwa hiyo viini 80 vya ziada vinavyolala vinaweza kugharimu kuliko mashine yenyewe. Windows pia huzipanga nyuzi (mikondo ya kazi, ambayo hapa kila kiini kina miwili) katika makundi yasiyozidi 64, na kabla ya Windows 11 na Windows Server 2022, programu za zamani zilizoandikwa bila kulijua hilo zilibaki ndani ya kundi moja tu kati ya makundi ya nyuzi 192 za EPYC 9654. Seva huchukua dakika kadhaa kuwaka inapopima memori yake, na feni za seva nyembamba ya rafu hupiga kelele ambazo hakuna anayeweza kuzivumilia chumbani anamofanyia kazi.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa maswali umegeuka. Nauliza kwanza ujazo na kasi ya memori inayohitajika, kisha idadi ya kadi na diski, kisha leseni, na mwisho kabisa viini. Majibu yakiwa madogo katika matatu ya kwanza, prosesa ya mezani inatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye RAM bora na diski nzuri. Yakiwa makubwa, ninapendekeza jukwaa la seva, lakini si lazima viini 96. Katika familia hiyo hiyo ya EPYC kuna 9174F, ambayo ina viini 16 tu, kasi ya juu ya gigahezi 4.4, kache (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 256, na chaneli zote 12 pamoja na njia zote 128. Wengi huipita wakidhani ni ya wasio na uwezo. Mimi ndiyo ninayomwekea mtu mwenye hifadhidata kubwa inayolipiwa kwa kiini, na hadi sasa hakuna aliyerudi kuniomba viini zaidi.