Je, wajua kwa nini mfumo wa kupasha joto nyumba huvuma, na kwa nini mvumo huo haukamatiki?

Ni saa nane za usiku, nje baridi kali, ndani watu wamelala. Unausikia: "mmmmm" mzito, usiopanda wala kushuka, kama nyuki waliofungiwa ukutani. Unaamka na kutega sikio kwenye redieta, kile chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto, kimya. Unasogea kwenye kona, unazidi. Unarudi katikati ya chumba, umetoweka. Hapo wengi huanza kuyashuku masikio yao, na huyaonea bure.

Sauti nene ina mawimbi marefu. Mvumo wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, una wimbi la karibu mita 3.4 hewani. Kwa kawaida tunajua sauti imetoka upande gani kwa tofauti ndogo kati ya masikio mawili: moja hulipata wimbi mapema kidogo, au kwa nguvu zaidi kwa sababu kichwa kimelikinga lile jingine. Wimbi refu namna hii hukizunguka kichwa kana kwamba hakipo. Tena likigonga ukuta hurudi na kukutana na lenzake linalokuja. Mahali pengine hujumlishana, pengine huuana, ndiyo maana konani panavuma na hatua mbili mbele pamenyamaza.

La pili ni kwamba kinachotetemeka si lazima kiwe ndicho kinachosikika. Shika simu mkononi ikiwa inatetemeka, kisha ilaze juu ya meza ya mbao. Simu ni ile ile, lakini sasa chumba kizima kinaisikia. Katika nyumba inayopashwa joto kwa maji ya moto, pampu ya kuyazungusha ndiyo simu. Mabomba, boriti na sakafu ndiyo meza. Ndani ya chuma mtetemo husafiri kama mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani ni 340 tu, nao hufika mbali kabla ya kufifia. Pampu iliyofichwa chini ya ngazi inaweza kuuvumisha ukuta wa chumba cha kulala ghorofani.

Kwa hiyo acha kuuwinda mvumo kwa sikio, uuwinde kwa swichi. Mwombe mtu asimame pale unaposikika zaidi, wewe nenda ukazime kitu kimoja kimoja. Anza na thamostati, kidhibiti cha joto la nyumba, ili moto wa boila, mtambo unaoyapasha maji, uzimike, kisha pampu, mwisho swichi kuu ya umeme wa nyumba. Usiwe na haraka: pampu nyingi huendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya moto kuzimika, na asiyejua hilo husikia mvumo ungalipo, akausamehe mfumo wenye hatia. Kama kila kitu kimezimwa na mvumo ungalipo, basi unatoka nje ya nyumba yako. Hutokea. Mwaka 2003, uchunguzi katika mji wa Kokomo, Indiana, nchini Marekani, ulipata mvumo wa hezi 36 uliotoka kwenye feni ya mnara wa kupozea wa kiwanda. Na kama unakufuata hata ukisafiri mbali na nyumbani, mwone daktari wa masikio.

Ukishajua swichi, sikiliza tabia. Mvumo usiobadilika hata kidogo, ambao huendelea hata moto ukiwa umezimwa, mara nyingi ni wa transfoma ndogo inayolisha thamostati. Umeme wa nyumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, 60 huko Marekani. Kila sumaku inapokolea, upande huu au ule, kiini cha chuma hubadilika urefu kidogo mno. Hilo hutokea mara mbili kwa kila mzunguko, ndipo tunapopata hezi 100 au 120.

Pampu yenye kasi kadhaa hujitaja yenyewe. Ishushe ngazi moja. Sauti ikinenepa na kupungua, ni mota. Ikikatika ghafla, basi kulikuwa na bomba lenye urefu wa kuitikia kasi ile tu, kama kioo cha dirisha kinachotikisika gari fulani likipita na kutulia kwa mengine. Ikija na mlio kama wa kokoto na mapovu, kuna hewa ndani, na redieta zinahitaji kutolewa hewa. Kwenye redieta, fungulia valvu mpaka mwisho: mvumo ukikoma, maji yalikuwa yakijipenyeza kwenye upenyo mwembamba, au valvu ilifungwa kinyume na mkondo wa maji.

Mngurumo kama wa birika linalokaribia kuchemka ni chokaa. Ukoko wake hung'ang'ania ndani ya boila, maji yaliyonaswa chini yake hugeuka mvuke, na mapovu hupasuka yakikutana na maji ya baridi zaidi.

Moto nao huimba, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mwaka 1859 mwanafizikia Mholanzi Pieter Rijke aliweka wavu wa waya ndani ya bomba lililosimama wima, akaupasha joto hadi ukawa mwekundu. Alipouondoa moto, bomba likalia kwa nguvu mpaka wavu ulipopoa. Mwaka 1878 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwa nini: joto likiingia hewani wakati hewa imebanana zaidi, huusukuma mtetemo ukue, sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake. Ndani ya boila, mwali na chumba chake vinaweza kushikana vivyo hivyo, hasa uwiano wa gesi na hewa ukiharibika. Mvumo unaozaliwa na kufa pamoja na mwali si wa kuchezea. Usifungue kifuniko, zima, ita fundi wa gesi mwenye leseni, maana mwali usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Fundi akija, mpe rekodi ya simu na karatasi yenye saa na kilichokuwa kimewashwa. Na kabla ya kukubali kununua pampu mpya, mwombe aguse kwa ncha ya bisibisi ndefu kila mahali bomba linapopita kwenye boriti, sikio likiwa kwenye mpini. Mara nyingi ataikuta sehemu moja ambayo bomba limeegemea mbao bila nafasi, na kipande cha mpira chenye unene wa kidole kikaimaliza kazi.