Kazi yetu ni kutupa

Nikiulizwa kama tumeshawapata viumbe wa sayari nyingine, huwa najibu kwa kisa cha maikrowevu. Kwa miaka kadhaa darubini ya redio ya Parkes, Australia, sahani kubwa inayonasa mawimbi ya redio kutoka angani, ilikuwa ikinasa vishindo vifupi vya mawimbi visivyoeleweka. Mwaka 2015 chanzo kikajulikana: kuna mtu hapo hapo kituoni, pengine njaa inamuuma, anafungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza kupasha chakula.

Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Watu hudhani tumevaa vipokea sauti masikioni tukingoja salamu, kumbe tunashinda tukitupa ishara za wanadamu wenyewe: ya simu hii, ya rada ile, ya setilaiti inayopita. Kila ishara tunaihesabu kuwa yetu mpaka ijitetee, na hadi leo hakuna iliyojitetea tukaridhika.

Mwanaastronomia Frank Drake alipoanza msako huu mwaka 1960 kule Green Bank, Marekani, alisikiliza nyota mbili tu, Tau Ceti na Epsilon Eridani, karibu na megahezi 1420, masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ya haidrojeni, gesi iliyotanda angani. Alibahatisha kwa akili: yeyote anayeijua fizikia anayajua masafa hayo. Lakini hata ukimfuata, hujui ishara itakuwa kwenye mstari upi mwembamba wa masafa, wala itateleza kwa kasi gani. Itateleza tu, maana dunia inazunguka na sayari yao nayo inazunguka. Masafa hupanda au kushuka kama king'ora cha gari la wagonjwa linapokupita. Huna budi kujaribu kila kasi ya kuteleza, moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, na hesabu hizo zinataka kompyuta nyingi.

Hapo ndipo watu wa kawaida walipoitwa. Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilizindua SETI@home (SETI ni kifupi cha Kiingereza cha msako wa viumbe wenye akili nje ya dunia). Kifaa chao kilidandia darubini ya Arecibo, Puerto Rico: wanaastronomia wengine ndio walioamua itazame wapi, wao wakaokota kinachopita. Data ilikatwa vipande vya sekunde 107, kila kimoja upana wa kilohezi 10 hivi, ikatumwa kwenye kompyuta za majumbani wakati zimekaa bure.

Kati ya vipimo vilivyofanywa humo, kuna kimoja ninachokipenda mno. Sahani ya Arecibo, yenye upana wa mita 305, ilikuwa imelala ardhini. Darubini ikitulia, nyota hukatiza mbele yake kwa sekunde 12 hivi. Kwa hiyo ishara ya angani hasa huanza chini, ikapanda, ikafifia ndani ya muda huo, umbo la kengele. Rada haina adabu hiyo. Huwaka na kuzimika ipendavyo.

Walijiunga watu zaidi ya milioni 5. Tarehe 31 Machi 2020 mradi ukaacha kugawa kazi, si kwa kukosa watu, bali data ilitosha na uchambuzi ndio uliobaki. Desemba mwaka huo huo darubini yenyewe ya Arecibo ikaporomoka.

Kuazima kompyuta ni msaada, sikatai. Ila mimi navutiwa zaidi na macho. Mwaka 2010 ulianza mradi wa Planet Hunters, ambapo mtu wa kujitolea alitazama mchoro wa mwanga wa nyota uliopimwa na darubini ya Kepler na kutafuta pale mwanga unapopungua sayari inapokatiza. Ili kupima umakini wa wajitolea, walichomekewa sayari za bandia kati ya zile za kweli. (Mtihani wa namna hiyo hata sisi wenye digrii hutuumbua.)

Wajitolea hao ndio walioikamata nyota KIC 8462852 (namba yake tu kwenye orodha ya Kepler). Sayari kubwa kama Sumbula (Jupita) hupunguza mwanga wa nyota kama jua letu kwa asilimia 1 hivi. Nyota hii ilipungua kwa asilimia 22, bila mpangilio wowote. Programu zilizotafuta mizunguko ya sayari ziliipita tu. Binadamu walishtuka, wakaulizana, na makala ya kisayansi ilipotoka mwaka 2015 baadhi yao walikuwa kwenye orodha ya waandishi. Ndipo zikaanza habari za majengo makubwa ya viumbe wenye akili, eti ndiyo yanayoikinga nyota.

Mwaka 2016 umma ulichanga zaidi ya dola 100,000 ili nyota hiyo ifuatiliwe. Mwaka uliofuata ikafifia tena, na vipimo vikaonyesha mwanga wa buluu unapungua kuliko mwekundu. Kitu kigumu kingeziba rangi zote sawa; vumbi laini huziba buluu zaidi. Wachangaji walikuwa wamelipia kuthibitisha kwamba ni vumbi, na kwangu mimi, pesa ile ilitumika vizuri.